Kosakosa Jikoni kwa Mukagasana

Jumamosi tarehe 18 Julai 1953, alasiri, lori lililotoka Walikale lilisimama chini ya kilima cha Sebahire, upande wa Masisi, na mwanamume mwenye mvi akateremka akiwa na kikapu kinachovuja maji. Matone yaliacha alama vumbini tangu barabarani hadi uani. Mgeni huyo alikuwa Athanase, mkulima wa Mpofi, kijiji cha msituni katika teritware ya Walikale. Alikuwa baba yake Adelaïde, na Adelaïde alikuwa mke wa Théogène, mwana wa kwanza wa Sebahire.

Ndani ya kikapu mlikuwa na kamba wa mtoni, ambao watu wa barabara ile huwaita kosakosa. Mama yake Adelaïde na wanawake wenzake walikuwa wamewavua alfajiri ileile. Walifunga kijito kwa magogo na udongo, wakayachota maji ya upande wa chini kwa mabeseni mpaka matope yakabaki wazi, kisha wakawaokota kamba kwa mikono. Walisafirishwa katikati ya majani mapana yaliyoloweshwa, na kikapu kilipofunguliwa wengi walikuwa bado wanatikisa miguu.

Mukagasana, mke wa Sebahire, aliinama akatazama, kisha akarudi nyuma.

“Hii iko panzi?” aliuliza.

“Hapana, Mama. Iko kosakosa. Ya mu maji.”

“Panzi ya mu maji, basi. Rangi yake njo ya panzi, ya jivu-jivu.”

“Panzi anaruka mbele,” Athanase akasema. “Hii inaenda kinyumenyume, sawa mwanaume mwenye kukutana na mama mukwe wake ku njia.”

Sebahire alicheka. Mukagasana alifunika mdomo kwa ncha ya kitambaa chake, na haikujulikana kama alikuwa anacheka au anajikinga na harufu.

Katika nyumba ile hakuna aliyekula kitu kinachotoka majini. Sababu haikuwa dini. Walikuwa Wakristo tangu wakati wa baba yake Sebahire, na walijua kwamba padri mwenyewe alikula samaki kila Ijumaa. Sababu ilikuwa maziwa. Vyombo vya maziwa vilining'inia jikoni, hatua chache kutoka motoni, na ilisemwa kwamba moto uliopika kitu cha majini ukikaa karibu na maziwa, ng'ombe hukauka. Sebahire hakuwahi kuona jambo hilo likitokea, kwa kuwa hakuna mtu wa kilima kile aliyewahi kujaribu.

Desturi ya pili ya nyumba ilihusu moto wenyewe. Mke mpya hakuwasha moto wake. Mama mkwe ndiye aliyetoa makaa jikoni kwake, akayapeleka kwa mkono wake mpaka kwenye mafiga ya nyumba mpya, na tangu siku hiyo mke alikuwa na jiko lake na neno lake. Kabla ya siku hiyo alipika kwenye moto wa mama mkwe, kile alichoambiwa apike. Kwa kawaida mambo hayo yalichukua wiki chache. Adelaïde na Théogène walifunga ndoa baada ya Pasaka. Nyumba yao ilikuwa imeezekwa na mafiga matatu yalikuwa yamepangwa, lakini jivu halikuwemo.

Mukagasana hakuwa mtu wa ugomvi. Alingojea jambo moja tu: Adelaïde aseme kwamba ataacha vitu vya majini. Adelaïde hakusema. Mwezi wa sita Théogène alijaribu kumweleza baba yake.

“Si kama anakataa, Papa. Anasema hawezi kuahidi kitu yenye anajua hataweza kufanya.”

“Hiyo njo kukataa,” Sebahire alijibu. “Ila kwa adabu.”

Habari hiyo ilifika Mpofi kwa njia ya madereva, na hiyo ndiyo iliyompandisha Athanase kwenye lori. Jioni ile, walipokuwa wamekaa uani na kibuyu cha pombe ya ndizi, hakuchelewa kuisema.

“Papa Sebahire, mutoto wangu mumemutunza. Naona amenona. Sina neno juu ya chakula.” Akanywa kidogo. “Lakini kwetu, mwanamuke asiye na moto yake iko mugeni. Na mugeni anarudiaka kwabo. Lori inashuka Walikale Jumatatu. Kama mu nyumba ya Adelaïde hakuna moto, nitapanda naye.”

“Unataka kuvunja ndoa yenye padri alifunga?”

“Sivunje kitu. Atangojea moto kwetu, kwa mama yake.”

“Na kama moto haikuye?”

“Basi atangojea sana.”

Théogène aliweka kikombe chini na hakukiinua tena. Adelaïde alikuwa amepiga magoti karibu na mlango wa jiko, anachambua maharage ya Jumapili kwenye ungo. Hakuacha kuchambua.

“Papa,” alisema, “mi sipendi kurudi.”

“Najua.”

“Sasa mbona unanipeleka?”

“Kwa sababu hapa kila muntu iko na adabu sana. Mutazeeka wote munangojeana.”

Mukagasana aliyasikia hayo kutoka ndani. Hakutoka.

Kazi ya kuwaandaa kosakosa aliichukua Théogène. Katika kilima kile mwanamume hakupika, lakini yeye alikuwa amepika miaka mitano katika Force Publique, jeshi la serikali ya kikoloni, na watu walikuwa wamekwisha kumcheka hadi wakachoka. Mwaka 1943 kikosi chake kilikuwa Misri, katika kambi iliyo karibu na mfereji mkubwa wa meli. Jiko la jirani lilikuwa la mtu aliyeitwa Albert, mweusi kama wao, mzaliwa wa kisiwa cha Jamaika, asiyejua Kiswahili wala Kifaransa. Albert alimfundisha kwa kumwonyesha: anakata, anamtazama, anamwachia kisu. Hivyo ndivyo Théogène alivyojifunza kupika kamba kwa namna ya visiwa vile, na tangu arudi nyumbani hakuwahi kupata kamba wa kupika.

Alikaa na Adelaïde nyuma ya nyumba yao mpya, karibu na mtungi. Adelaïde alivunja vichwa na kumenya maganda, akibakiza mikia. Théogène aliwapasua mgongoni na kuutoa ule uzi mweusi. Kisha akatwanga vitunguu saumu, tangawizi, majani ya vitunguu na kitawi cha taimu kutoka bustani ya misheni. Pili-pili zilitoka Mpofi pamoja na kikapu. Zilikuwa za manjano, fupi, zenye mikunjo, na Théogène alizishika kwa jani ili asije akajigusa jicho. Albert alitumia pia punje nyeusi zenye harufu ya karafuu na mdalasini kwa pamoja. Punje hizo Théogène hakuziona tena popote. Aliweka karafuu mbili za kusagwa akaacha hapo, maana karafuu ikizidi hula ladha nyingine zote. Mahali pa sukari nyeusi ya kule aliweka maji ya muwa, kiasi cha kuwafunika kosakosa ndani ya chungu, na chumvi.

“Na ndimu?” Adelaïde aliuliza. Baba yake alikuwa ameleta ndimu nne.

“Asubuhi. Ndimu ikilala ndani inapika nyama bila moto, inakuwa laini-laini kama dawa ya mutoto.”

“Na moto utatoa wapi?”

“Niko na kibiriti. Nitawasha hapa inje, mbali na maziwa ya Mama. Papa yako atakula, hakuna sheria itavunjika.”

Athanase, ambaye alikuwa amekuja kutazama, alitikisa kichwa.

“Nitakula, mwanangu, maana njaa haichague. Lakini moto ya kibiriti iko ya kuwashia tumbako. Ile haihesabike.”

“Najua, Papa.”

“Nasema tu, usiseme kesho nilikudanganya.”

Nyumba mpya ilikuwa haijawekewa mlango, na mbwa wa jirani alikuwa ameingia humo usiku mara kadhaa. Kwa hiyo, wakati wa kulala, Théogène alikibeba chungu cha kosakosa mpaka jikoni kwa mama yake, akakiweka chini kando ya ukuta na kukifunika kwa jani la mgomba. Pembeni yake palikuwa na chungu cha maharage ambayo Adelaïde alikuwa ameyaloweka jioni, nacho kimefunikwa kwa jani la mgomba. Vyungu vyote viwili vilinunuliwa siku moja katika soko la Kitshanga. Théogène alifikiri kwamba chungu kisichokaa motoni hakiwezi kuyadhuru maziwa. Mama yake alikuwa amekwisha lala, naye hakumwamsha kumwambia.

Maharage ya kilimani hayaivi haraka. Mwanamke anayetaka kuyakuta tayari baada ya misa lazima ayapandishe motoni kabla ya mapambazuko, na Mukagasana alifanya hivyo kila Jumapili. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: maji yaliyolowekewa maharage humwagwa kwenye hori la mbuzi, maharage husuuzwa kwa maji mapya, tena husuuzwa, kisha chungu hujazwa na kufunikwa. Alfajiri ile alikichukua chungu kilichokuwa karibu na mlango. Alizuia kilichomo kwa jani, akainamisha chungu juu ya hori, akasuuza mara mbili kutoka kwenye mtungi, akajaza maji, akakiweka juu ya mafiga na kusukuma kuni ndani. Jikoni hamkuwa na mwanga ila wa makaa. Kisha akarudi nyumbani kuvaa nguo za misa.

Kulikuwa kunapambazuka Sebahire alipotoka kwenda kukamua. Athanase alikuwa amesimama uani tayari, amejifunika blanketi, anatazama mbuzi jike mwenye madoa. Mbuzi huyo alikuwa akipiga chafya, anarudi kwenye hori, analamba, anapiga chafya tena.

“Papa Sebahire, mbuzi yako iko na mafua?”

Sebahire alichovya kidole ndani ya hori na kukionja. Akatema mate, akangoja, akatema tena.

“Mafua ya pili-pili,” alisema. “Na sukari.”

“Sukari njo inamurudisha.”

“Nani ametoa maji hapa?”

Wote wawili waliutazama mlango wa jiko, uliokuwa unatoa moshi wa kawaida. Sebahire aliita mkewe, na sauti yake iliwaamsha Théogène na Adelaïde pia, hivi kwamba walipofika jikoni walikuwa watano. Mukagasana alifunua chungu. Mvuke mdogo ulitoka, na ndani, chini ya maji, hakukuwa na maharage.

Sebahire akasema:

“Mama Théogène. Tangu nikuoe unabeba chungu ya maharage kila siku. Uzito yake hauijue?”

“Ilikuwa giza.”

“Na harufu ya vitunguu?”

“Niko na mafua.”

“Wewe na mbuzi.”

Athanase aligeuka kutazama nje. Mabega yake yalitikisika.

“Nani ameweka hii hapa?” Mukagasana aliuliza. “Nani ameleta vitu ya maji kando ya maziwa yangu?”

“Ni mimi, Mama,” Théogène akasema. “Niliogopa mbwa. Lakini mi niliiweka chini. Ku moto…” Akaangalia chungu.

“Sema.”

“Ku moto umeiweka wewe.”

Mukagasana alikivua chungu kwenye mafiga kwa vitambaa viwili, akakiweka sakafuni. Kisha akachovya kidole majini. Alikuwa mwanamke mwepesi wa akili, na hoja aliyoitoa haikuwa mbaya.

“Ni vuguvugu tu,” alisema. “Haijachemka. Kitu yenye haijachemka haijapikwa. Hii moto haijapika kitu. Toeni hii chungu, mambo iishe.”

Sebahire aliifikiria. Kwa maharage, hoja hiyo ilikuwa sahihi kabisa: maharage yaliyokaa katika maji ya vuguvugu ni mabichi, na hakuna anayeweza kusema vingine. Athanase alifungua mdomo.

“Wewe nyamaza, mukwe wangu,” Sebahire akamwambia. “Wewe uko na mutoto ndani ya hii maneno. Na wewe, Théogène, vilevile.”

Adelaïde alikuwa amekwisha piga magoti karibu na chungu. Alichukua mwiko, akaupitisha hadi chini kabisa, mahali palipoguswa na ndimi za moto, akauinua. Juu ya mwiko palikuwa na kosakosa watatu. Walikuwa wamejikunja, na walikuwa wekundu.

Sebahire aliinama juu ya mwiko. Kisha akamgeukia mkewe.

“Jana zilikuwa rangi gani?”

“Ya jivu.”

“Ya panzi, ulisema.”

“Nilisema.”

“Na hizi?”

Mukagasana aliwatazama wale watatu, akawatazama na waliobaki juu, ambao walikuwa bado wa kijivu. Tofauti ilikuwa wazi. Mtu asiyewahi kuona kosakosa maishani mwake angeiona.

“Mama,” Adelaïde akasema, “si mimi niliiweka ku moto.”

“Najua, mutoto wangu. Mi njo niliiweka. Weka huo mwiko.”

Ikawa wazi kwamba moto ule umepika kitu cha majini, na kwamba hauwezi kubaki chini ya vyombo vya maziwa. Jambo la kwanza ambalo Mukagasana angefanya kwa moto mwingine wowote ni kuumwagia maji. Kwa moto huu haikuwezekana. Ulikuwa umekaa ndani ya mafiga yale tangu nyumba ilipojengwa, usiku ukifukiwa na asubuhi ukifukuliwa, na moto wa nyumba huzimwa siku ile tu mwenye nyumba anapozikwa. Kuuzima mapema ni kumtakia kifo.

“Mi ningali hapa,” Sebahire alikumbusha.

“Nakuona,” mkewe akajibu.

“Basi haizimwe.”

“Haizimwe. Na haibaki.” Mukagasana alifunga vizuri kitambaa chake kichwani. “Tuipeleke kwa Thacienne.” Thacienne alikuwa mjane mwenye shamba lililopakana nao.

“Thacienne naye iko na ng'ombe. Utamupelekea jirani kitu yenye wewe unaogopa?”

“Hapana. Basi inje. Ikae inje, pale ku mugomba.”

“Moto ya nyumba yangu ilale inje sawa ya wachunga ng'ombe? Na umande?”

Katika boma lile, nje ya jiko lake, kulikuwa na mahali pamoja tu penye mafiga, paa, na pasipo na chombo cha maziwa. Kila mmoja pale ndani alipajua. Hakuna aliyepataja. Athanase alikuwa amerudi kumtazama mbuzi, na Théogène alikuwa anatazama miguu yake.

“Papa Théogène,” Mukagasana alisema mwishowe, “hii njo wewe ulikuwa unataka.”

“Mi nilikuwa naenda kukamua.”

Mukagasana alikaa juu ya kigoda chake. Aliutazama moto, kisha akamtazama mkwewe, ambaye alikuwa bado amepiga magoti na mwiko mkononi.

“Adelaïde. Nilikuomba uache vitu ya maji, ukanyamaza.”

“Ndiyo, Mama.”

“Leo nitakuomba ingine, kidogo kuliko ile. Ng'ombe yenye Papa yenu amewapatia, maziwa yake isilale kwenu. Ilale hapa kwangu, siku zote, kosakosa ikuwe ao isikuwe. Asubuhi utakuya kuichukua.”

Adelaïde alifikiri kabla ya kujibu. Ilionekana kwamba alikuwa akipima njia ya kutoka mlango mmoja hadi mwingine, wakati wa mvua, na kibuyu mkononi.

“Hiyo naweza,” alisema. “Hiyo naahidi.”

Mukagasana alisimama. Kwenye kona palikuwa na kigae kikubwa cha chungu kilichovunjika, ambacho alikitumia kuchotea jivu. Alitandika jivu ndani yake, akachagua makaa makubwa, moja baada ya jingine, akayapanga, akayafunika kwa jivu jingine. Mafiga yake yalipobaki na vipande vidogo, alivikusanya navyo. Hakuacha hata kimoja. Akanyanyua kigae kwa mikono miwili na kutoka.

Njia ya kwenda nyumba mpya ilipita kati ya migomba. Mukagasana alitembea mbele, na Adelaïde nyuma yake akiwa na kuni. Wanaume walibaki uani, kwa kuwa hilo halikuwa jambo lao. Kutoka pale waliona moshi ukianza kupenya kwenye nyasi za paa la nyumba mpya, kwanza mwembamba, kisha mzito.

“Mafiga inavuta vizuri,” Sebahire alisema.

“Mulango njo hakuna,” Athanase akajibu. “Théogène, mwanangu, mulango!”

“Nitaweka, Papa.”

Mukagasana aliporudi alizoa jivu lote la jikoni, akageuza mafiga upande wa pili, akasuuza sakafu. Kisha akaenda kwa Thacienne kuomba makaa kwa ajili ya jiko lake. Alipoulizwa kilichotokea alisema kwamba amempelekea mkwewe moto. Thacienne alijibu kwamba ilikuwa wakati wake. Siku hiyo maharage yalichelewa kuingia motoni, na baada ya misa yalikuwa bado magumu.

Kosakosa walikuwa wameoshwa hadi viungo vyote vikatoka. Théogène aliwachuja, akawatenga wale waliokwisha kuwa wekundu, na kutwanga upya: vitunguu saumu vilivyobaki, tangawizi, majani ya vitunguu, pili-pili mbili mahali pa tatu. Taimu ilikuwa imekwisha. Muwa ulikuwepo. Sasa, kwa kuwa wangepikwa mara baada ya kurudi kanisani, alikamulia na ndimu. Waliporudi aliviacha vyote mikononi mwa Adelaïde, kwa sababu jiko lilikuwa la Adelaïde.

Adelaïde aliweka mafuta ya mawese kwenye sufuria mpaka yakabadilika rangi. Akawatoa kosakosa kwenye maji yao, akawatupa mafutani, si wote kwa pamoja. Mafuta yalipiga kelele kubwa. Harufu ya pili-pili iliujaza mlango usio na ubao, na Mukagasana, aliyekuwa ameketi pale kizingitini, alikohoa. Adelaïde aliwageuza mara moja tu. Walipokuwa wekundu pande zote aliwaondoa, akamimina maji yaliyobaki ndani ya sufuria, akayaacha yapungue mpaka yakawa mazito, akawarudisha na kuwakoroga.

“Imeiva,” alisema.

“Imeiva?” Mukagasana aliuliza. “Hata rozari haijafika katikati!”

“Ikikaa inakuwa ngumu, Mama. Sawa mpira.”

“Maharage ikikaa njo inakuwa laini.”

“Hii iko kinyume.”

“Kila kitu ya hii dudu iko kinyume,” Mukagasana alisema. “Inatembea kinyume, inaiva kinyume.”

Walikula kwa bugali wa muhogo, mbele ya nyumba mpya. Athanase alikula bila kuzungumza. Kwa vile mgeni wake alikuwa anakula, Sebahire alichukua mmoja kwa mkia, akamgeuza, akamtia mdomoni mzima. Alitafuna kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka jicho moja, kisha la pili.

“Papa, uko sawa?” Théogène aliuliza.

“Sasa najua mbuzi alikuwa anatafuta nini,” Sebahire alisema, na kunyoosha mkono kuchukua mwingine.

Mukagasana hakula. Alikula viazi alivyokuja navyo, na hakuna aliyemsihi. Lakini alikaa pale kizingitini mpaka sahani zilipoondolewa, na aliposimama aliziangalia kuni ndani ya mafiga, akausukuma ukuni mmoja mbele.

“Usiku fukia vizuri,” alimwambia Adelaïde. “Hii moto inawaka haraka, inachoka haraka. Mi naijua.”

“Ndiyo, Mama.”

Athanase alinawa mikono, akajifuta kwa majani. Alisema chakula kilikuwa kizuri na kwamba huko Mpofi wangekitia chumvi zaidi. Alimwomba Sebahire mbegu za viazi kwa ajili ya mkewe, naye Sebahire akampa kikapu kilekile kilicholeta kosakosa, kimejaa.

Kabla ya jua kutua Théogène aliteremka barabarani, kwenye nyumba alimolala dereva wa lori, akamwambia kwamba kesho kutoka kilima cha Sebahire atapanda mtu mmoja.